Nionyesheni Jani Bovu

Nyumbani, 3 Machi

Mwanangu Kimbelembele,

Mimi mzima, kuku wazima, paa la jikoni linavuja palepale pa siku zote. Wazima nimewamaliza. Sasa nakuja kwa wagonjwa.

Mihogo yangu imeshikwa na batobato. Majani yamepiga mabaka ya njano na kijani kama nguo iliyomwagikiwa dawa ya kufulia, na mengine yamejikunja kama kiganja cha mtu anayesikia baridi. Haiko peke yake. Mashamba yote haya ya nyuma ya kiwanda cha matofali yameguswa. Mwenyekiti wa kamati ya mashamba, yule anayehutubia hata akiwa anaomba kiberiti, ametangaza kila mtu ang'oe na kuchoma kabla Aprili haijaisha. Asiyeng'oa atang'olewa. Halafu tutagawiwa mbegu mpya.

Mbegu mpya sikatai, wanasema ni nzuri. Lakini wewe unajua muhogo wangu ni upi. Ni ule alionipa bibi yako, mama mkwe wangu, wiki niliyoolewa, akaniambia, "Mume anaweza kukukosea, huu hautakukosea." Na kweli, mwaka ule baba yako alipoondoka ndio uliotulisha. Wenzangu wote walishauacha, wakafuata ile minene. Ukinitoka mimi, hakuna mwingine anao. Hakuna pa kwenda kuomba.

Wewe unafanya kazi na wataalamu wa mimea. Niambie, muhogo ukishaugua ndiyo basi tena? Wenyewe hauwezi kujipigania hata kidogo?

Kula vizuri. Usilale na nywele mbichi.

Mama yako


Kituoni, 14 Machi

Mama, shikamoo.

Nakuandikia nimesimama, chupa zinachemka kwenye mtungi wa mvuke na nikizisahau mkuu wa maabara atanikaanga mimi.

Ng'oa, mama. Choma. Najua inauma. Batobato ni kirusi, na kirusi hakina dawa ya kununua. Ya wadudu ipo, ya ukungu ipo, ya kirusi hakuna. Wanaokibeba ni wale inzi weupe wadogo wanaoruka ukitikisa majani. Wananyonya jani gonjwa, wanahamia zima. Shamba la Mama Pacha limepakana na lako, ana watoto wadogo wawili na hana kingine. Ukiiacha yako inasimama, unamwekea ugonjwa mlangoni.

Pokea hiyo mbegu mpya. Usinune.

Mwanao


Nyumbani, 25 Machi

Mwanangu,

Nimekusikia. Nimeng'oa. Yote. Kaa kwa amani, fanya kazi yako.

Sasa, kuna mama mmoja hapa, humjui, ana shamba upande wa mfereji. Ni mbishi sana. Mimi nilimwambia, "Dada, ng'oa, mwanangu kasema." Akanijibu kwamba hawezi kuzika kinachopumua. Basi juzi kanipeleka shambani kwake nikaona kitu cha ajabu. Majani ya chini ni magonjwa, yamekunjamana. Ya katikati yana mabaka kidogo. Lakini ya juu, yale machanga, yametoka safi! Kijani kitupu, yamenyooka kama vidole vya mtoto. Si mashina yote. Mengine yamekufa tu. Lakini mengine yanatoa majani safi kabisa.

Huyo mama anauliza, imekuwaje? Nimemwambia nitakuuliza kwa sababu una moyo mzuri na huwezi kumkasirikia mtu usiyemjua.

Mama yako


Kituoni, 6 Aprili

Mama, shikamoo.

Nimefurahi kwamba umeng'oa. Ajabu ni kuwa na rafiki mbishi kiasi hicho na usimtaje hata kwa jina la mtoto wake.

Mwambie hivi. Muhogo hauna damu wala askari wa kuzunguka mwilini kama sisi, lakini si mnyonge. Mwili wake ni vyumba vidogovidogo visivyoonekana kwa macho, na kila chumba kinajilinda. Kirusi kikiingia hakina meno wala mikono. Ni maagizo matupu, yanasema, "Tengeneza wengine kama mimi." Chumba kikidanganyika kinatii. Lakini mmea una mkasi. Unayakata yale maagizo vipande vipande, halafu vile vipande hautupi. Unavishika kama fundi cherehani anavyoshika kipande cha kitambaa akienda dukani kutafuta kinachofanana nacho. Agizo lolote litakalofanana na kipande, linakatwa. Na vipande hivyo vinapanda ndani ya shina mpaka juu. Kwa hiyo jani changa linazaliwa tayari limeonyeshwa sura ya adui.

Mimea mingine ina ukali zaidi. Ipo aina ya tumbaku ambayo kirusi kikitua kwenye jani, vyumba vya pembeni yake vinajiua vyenyewe. Panabaki doa kavu, na kirusi kinafungiwa humohumo hakina pa kupita.

Kirusi nacho si mjinga. Kina ujanja wa kuushika ule mkasi usikate, na ndiyo maana mihogo mingine inashindwa. Jua kali huusaidia muhogo, baridi huulegeza.

Lakini mama, na hili umwambie kwa sauti kubwa. Jani safi si ushahidi kwamba ugonjwa umeisha. Huenda kirusi kimenyamazishwa tu, bado kimo ndani, na inzi bado anaweza kukichukua.

Mwanao


Nyumbani, 15 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Kumbe! Yaani muhogo umekaa kimya hapo shambani, watu wanapita wanasema umekwisha, na wenyewe ndani umeshika mkasi. Huyo mama nilimsomea, akalia. Mimi pia nililia kidogo kwa kumsindikiza.

Yeye ana mikono mepesi, akishasikia jambo anataka kulifanya hapohapo. Amewaza hivi. Kama mmea unajifunza kwa kuonyeshwa vipande vya adui, kwa nini mihogo ambayo haijaugua isionyeshwe mapema? Basi akachuma majani magonjwa, akayaponda kwenye kinu, akachuja maji yake kwa kitambaa, akayanyunyizia kwa fagio kwenye mihogo mizima ili ipate somo. Alitumia ile ndoo yangu ya bluu.

Anauliza kama alifanya vizuri, na arudie mara ngapi.

Mama yako


Kituoni, 20 Aprili

MAMA!

Acha. Acha leo hii. Weka fagio chini.

Na hiyo ndoo ya bluu, ambayo hukuniachia hata mimi binti yako wa kumzaa nilipohamia huku, imefikaje kwa mtu nisiyemjua? Ulidhani sitajua? Tangu kile "kinachopumua" nilikujua. Nani mwingine anaongea hivyo?

Una bahati kubwa. Kirusi hiki hakishiki kwa kunyunyiziwa, kinataka mdomo wa inzi au pingili iliyokatwa kwenye shina gonjwa. Ingekuwa nyanya na kirusi chake, ungelimaliza shamba zima kwa mikono yako miwili huku unaimba.

Nimekasirika, na nimecheka mpaka mkuu amechungulia kuuliza kuna nini. Nikamweleza. Hakucheka. Lakini amekubali tupime. Nitumie majani ya juu kabisa, yale safi, kutoka mashina tofauti, kila moja ulibane kwenye kipande chake cha gazeti chenye alama ya shina lake. Usiyaloweshe. Usiyaombee kwa maji.

Na Aprili ikiisha, kamati ikija, tafadhali usigombane na watu.

Mwanao ambaye hukuweza kumdanganya


Nyumbani, 2 Mei

Mwanangu,

Majani nimemkabidhi dereva wa lori la matofali, atayafikisha. Sikugombana na mtu. Nakueleza yote usije ukayasikia kwa wengine.

Walikuja asubuhi, Mwenyekiti mbele, vijana wenye majembe nyuma, bwana shamba pembeni na lile kofia lake. Mama Pacha naye alikuja, akasimama kwenye mpaka wake amekunja mikono. Mimi nilikuwa nimeshawahi, nimekaa katikati ya shamba juu ya ndoo.

Mwenyekiti akaanza, "Mama, kwa mamlaka ya kamati hii..."

Nikamwambia, "Karibuni. Ng'oeni."

Akababaika, hotuba ilikuwa bado ndefu. Nikasema, "Ng'oeni, ila shina moja moja. Na kila shina, kabla hamjalishika, nionyesheni jani bovu. Likionekana, nalishika mimi mwenyewe tulivute pamoja. Lisipoonekana, linabaki."

"Mama, hatuna muda wa kukagua majani!"

"Muda wa kuniletea vijana wenye majembe mliupataje?"

Wakaanza. Mabovu yalikuwa mengi, mwanangu, sikufichi. Nilivuta nao mpaka viganja vikachubuka. Tulipofika yale yenye vichwa safi, kijana mmoja akainama, akapindua majani, akasema, "Mzee, hili halina kitu."

Bwana shamba akasema kwa upole, huyu si mtu mbaya, "Mama, ugonjwa unaweza kuwa umo ndani hata jani likiwa safi."

"Najua," nikamwambia. "Binti yangu ameniambia hivyohivyo. Lakini Mwenyekiti hapa mwaka jana alikohoa miezi mitatu, mchana na usiku, mtaa mzima tukamsikia. Akapona. Mbona hatukumzika kwa tahadhari?"

Hata Mama Pacha alicheka, ingawa aligeuka upande tusimwone. Mwenyekiti alitaka kunifokea kikamjia kikohozi, basi ikawa balaa.

Bwana shamba akakata shauri kwamba yaliyo safi yasubiri kipimo chenu. Kipimo kikisema yana kirusi, nitang'oa bila neno. Nimekubali mbele ya watu wote. Kwa hiyo sasa maisha ya muhogo wa bibi yako yako kwenye hicho kichupa chako. Usitingishike mkono.

Mama yako


Kituoni, 20 Mei

Mama, shikamoo.

Majani yalifika salama. Huku kuna joto. Tumeletewa viatu vipya vya plastiki vya kuingilia maabara, vyangu ni vikubwa. Kipimo huchukua muda, mashine ina foleni. Natumaini paa umeliziba. Wasalimie wote.

Mwanao


Nyumbani, 28 Mei

Mwanangu,

Barua yako imenyooka kama shuka la hospitali, hata utani hamna. Wewe ukiwa mdogo ukivunja kikombe ulikuwa unakuja kuniambia habari za viatu.

Kipimo kimesema nini?

Usinionee huruma. Mwenyekiti ananiuliza kila akipita, nami namwambia bado. Mama Pacha haniulizi, ananiangalia tu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Sema.

Mama yako


Kituoni, 5 Juni

Mama yangu,

Kirusi kimo. Katika majani mengi uliyotuma kimo, kidogo mno, mashine ilihangaika kukiona, lakini kimo. Katika majani ya mashina mawili, alama zake nimeziandika nyuma ya barua hii, hakikuonekana kabisa. Majibu nilikuwa nayo hata kabla sijakuandikia ile barua ya viatu. Nilishindwa. Nilikuona umekaa juu ya ile ndoo.

Nisikilize vizuri, maana hili si la kukufariji. Muhogo wako haukudanganya. Umepigana, na unapigana mpaka sasa, mkasi unafanya kazi, ndiyo maana kirusi ni kidogo vile. Ila kupigana si sawa na kushinda. Wakati huohuo inzi anaweza kukitoa kwako akampelekea Mama Pacha, ambaye muhogo wake huenda hauna mkasi mkali kama wa kwako.

Lipo jambo moja. Muhogo wenye nguvu ya namna hii, ukikata pingili kwenye matawi ya juu yaliyo safi, baadhi ya pingili huota bila kirusi kabisa. Baadhi tu. Nyingine zitaota na kuugua upya. Zinatakiwa zipandwe mbali na mihogo ya watu, zikaguliwe, na inayoonyesha dalili ing'olewe siku hiyohiyo bila huruma. Hata hapo si hakika.

Mkuu wetu anasema ungefuata kamati tu, uanze na mbegu mpya. Mwezi wa tatu na mimi nilisema hivyo. Safari hii sikuambii la kufanya. Muhogo ni wako na ahadi ni yako.

Nisamehe kwa zile siku za ukimya.

Mwanao


Nyumbani, 30 Juni

Mwanangu,

Hakuna cha kusamehe. Mimi nilikudanganya kwa kutumia mama mzima wa kutunga, na nikamliza.

Barua yako ilipofika sikwenda kwa Mwenyekiti kwanza. Nilikwenda kwa Mama Pacha. Nilimkuta anamenya, pacha mmoja mgongoni, mwingine anatafuna ganda. Nikamsomea yote, hata pale unaposema muhogo wake hauna mkasi.

Akaniangalia. "Ulikuwa unajua tangu Aprili kwamba huenda umo ndani?"

"Nilijua."

"Na ukacheka na watu pale shambani."

"Nilicheka."

Akatupa kisu kwenye beseni. "Dada, wewe unapenda muhogo kuliko jirani."

Nilitaka kumwambia habari za bibi yako, za mwaka ule wa njaa, nikaona hayo ni yangu, watoto wake hawatayala. Nikamwambia, "Kesho asubuhi njoo na jembe. Ahadi niliitoa mbele yako, utanisimamia nikiitimiza."

Akaja. Hakuna kamati, hakuna hotuba. Nilipanda juu ya ndoo nikakata vichwa vya yale mashina safi, matawi ya juu tu kama ulivyosema. Ya yale mawili nikayafunga kwa kamba yake peke yake. Halafu tukang'oa shamba zima, mimi na yeye. Lile shina kubwa la pembeni, mama wa mengine yote, lilikataa kutoka. Tulilivuta mpaka tukaanguka wote wawili. Tukachoma. Moshi ulinitoa machozi, na ule moshi nimeusingizia mengi.

Mwenyekiti alipopita akasema, "Afadhali umekubali, mama."

Nikamwambia, "Nimetimiza. Kukubali ni kitu kingine."

Unapajua kwenye tanuri la zamani, walipoacha kuchomea matofali? Udongo mgumu, vigae vitupu, hakuna muhogo wa mtu mpaka uvuke barabara kubwa. Nimemwomba mlinzi wa kiwanda, akasema hapo hata magugu yanaona aibu kuota, jipandie tu. Nimechimba kwa sururu. Pingili ziko ardhini. Maji nabeba.

Mgongo unauma. Usije, una kazi.

Mama yako


Kituoni, 2 Septemba

Mama, shikamoo.

Kimya chako kimenizidi. Zimeota? Zinaonyesha nini? Dereva wa lori anasema amekuona unapanda kilima cha tanuri na ndoo kichwani juani na kwamba umekonda. Anasema pia kamati wamekaa kikao juu yako, wanasema umehamisha ugonjwa kimyakimya. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Ukinitumia majani, tutapima tena. Mkuu mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Yule mama wa ndoo, vipi?"

Mwanao


Nyumbani, 19 Septemba

Kimbelembele wangu,

Sikuandika kwa sababu sikuwa na la hakika, na tumeshadanganyana vya kutosha mwaka huu.

Zimeota. Za mwanzo zilitoka zikiwa safi nikafurahi kama mjinga, halafu moja ikajikunja. Nilikaa mbele yake. Nikasema labda ni kiu. Nikasema labda ni upepo. Kesho yake mabaka yakatoka, nikaing'oa. Tangu siku hiyo kila asubuhi napita mstari kwa mstari napindua majani, na ninayoikuta na dalili naivuta kabla moyo haujaanza kunishauri. Nimevuta nyingi, mwanangu. Kuna mistari imebaki kama mdomo wangu, meno machache.

Lakini mashina yaliyosimama yamesimama. Yananifika kiunoni, na hayana hata doa. Kwenye udongo wa vigae! Mama Pacha huja Ijumaa kukagua, hakuna aliyemtuma. Anapindua majani kwa ukali kama askari wa mpakani. Juzi aliondoka, kisha akarudi hatua mbili akaniambia, "Ukikata pingili msimu ujao, mimi sitaki. Labda zilizopimwa kwanza." Nikamwambia zilizopimwa atapata. Bado ananuna, lakini ananuna akiwa karibu.

Majani nimempa dereva, kila moja na gazeti lake. Mkigundua kirusi kwenye shina lolote, andika alama ya shina hilo na barua itume upesi, nitaling'oa siku hiyohiyo. Usiniandikie habari za viatu.

Kuhusu hao kamati, ni kweli. Mwenyekiti amemtuma mtu kuniambia watakuja tena Jumatatu na vijana wao kukagua na kung'oa. Mjumbe alinisihi nisiwepo, nisije nikapandisha presha.

Nitakuwepo. Kibovu cha kung'oa hawatakikuta, nimeshawatangulia. Wakija na majembe, yasikae bure. Mstari wa mwisho unahitaji palizi.

Mama yako